Moto Uliokombolewa kwa Karanga

Jumatatu, 4 Desemba 1972

Nimeanza kazi leo. Mama alinifunga ushungi mara mbili kabla sijatoka, kana kwamba naolewa, na Baba akaiacha cherehani yake akanisindikiza hadi kona ya msikiti. Hapo akasimama. Alisema binti anayekwenda kazini hasindikizwi hadi mlangoni.

Hoteli ya Mninga ina vyumba ishirini na viwili na haiko mbali na stesheni. Zamani ilikuwa ya Mgiriki, sasa ni ya umma. Hulala hapa abiria wanaosubiri treni ya Kigoma au ya Mwanza, wanunuzi wa tumbaku, maofisa, na mara mojamoja Wazungu waliokuja kuiona ile nyumba ya zamani ya Kwihara. Mimi ni karani wa meneja. Napiga chapa barua, natunza mafaili ya wafanyakazi thelathini na mmoja, naandika ninachoambiwa kuandika. Kuandika nakuweza. Kusema ndiko kunanishinda. Shuleni mwalimu akiniita nilikuwa nasimama na jibu lote ninalo kichwani, halafu naomba chaki niliandike ubaoni.

Meneja ni Ndugu Justus. Ametoka Bukoba na ana miezi miwili tu hapa. Hataki kuitwa Bwana. Kila mtu ni Ndugu, hata mimi niliyemaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Mpishi mkuu, Mzee Shaban, ni rafiki wa Baba. Alinishika bega mbele ya jikoni zima akasema, "Huyu ni binti yangu. Atakayemwonea atakula mchele usiopikwa."

Jumatano, 6 Desemba

Mvua. Barua tatu. Nimesema "shikamoo" labda mara thelathini, basi.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, lakini hoteli haifungwi. Bendera imelowa tangu asubuhi.

Nyuma ya jikoni kuna boila, pipa kubwa la chuma lililojengewa matofali, linalochemsha maji ya vyumba vyote. Mtunzaji wake ni Mzee Mahona, mtu wa Puge, Mnyamwezi. Mzee Shaban ni Mzaramo wa Kisarawe. Kwa hiyo ni watani, na tangu nimefika sijawasikia wakisalimiana kama watu wengine. Leo Mzee Mahona aliingia jikoni na mikono yake ya masizi, akachukua andazi la moto kwenye sinia bila kuomba.

"Mwizi!" akasema Mzee Shaban. "Babu yako alibeba pembe za babu yangu hadi pwani, hakujifunza kuomba hata njia."

"Alibeba, ndiyo. Alipofika akamkuta babu yako amelala chini ya mnazi, anangoja nazi imwangukie mdomoni."

"Na ilimwangukia!"

"Ndiyo maana kichwa chako kiko hivyo. Mmerithishana uvimbe."

Mama Josepha, mkuu wa dobi, alicheka hadi akaketi juu ya kapu la mashuka. Akanigeukia. "Na wewe Bi Kimya, hucheki? Au meno yako ni ya sikukuu tu?" Nilicheka nikiwa nimekwisha kutoka nje.

Alhamisi, 14 Desemba

Leo nimemheshimu sana Ndugu Justus, na nataka kuandika sababu.

Alitukusanya wote katika chumba cha kulia. Akasema, "Zamani mtu hapa alifukuzwa kwa kuwa bosi ameamka vibaya. Hilo limekwisha. Kosa ambalo halikuandikwa, mimi silijui. Na likiandikwa litaletwa mbele ya kamati yenu ya wafanyakazi kabla mtu hajaguswa." Mwenyekiti wa kamati ni Mama Josepha. Alitikisa kichwa kukubali, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

Kisha akanikabidhi daftari jipya lenye jalada gumu. Nimechora safu nne kwa rula: Tarehe, Jina, Kosa, Shahidi. Nilipomaliza aliziangalia akasema hajaona mistari iliyonyooka hivyo. "Andika kilichotendeka," akaniambia. "Usiandike sababu. Sababu kila mtu anazo, na zote huwa nzuri."

Nalala na sentensi hiyo kichwani. Naona ni ya haki.

Jumatano, 20 Desemba

Nilipeleka karatasi ya kuni kwa Mzee Mahona kutia saini. Hakuitia. Alinichukua nyuma ya uzio akanionyesha mijohoro yake. Niliamini ni miti iliyoota tu. Kumbe aliipanda mwenyewe mwaka wa Azimio, 1967, mistari mitano. Kila mwaka hukata mstari mmoja, kwa kimo cha goti, mwishoni mwa kiangazi, kisha huuacha uchipue na kupumzika miaka minne. Kuni huzipanga bandani zikauke kabla ya mvua. Zinakaribia kutosha boila mwaka mzima, akisaidiwa na matawi makavu anayookota.

"Mgiriki alikuwa analeta lori kutoka misitu ya Usinge kila mwezi," akasema. "Mimi nikamwambia, siku barabara ikiharibika wageni wako wataogea mate yako. Karatasi hii inasema tununue kuni magari mawili. Mwambie Ndugu Meneja, sitaki."

Nilimwambia Ndugu Justus kwa kuandika kwenye kipande cha karatasi na kukiacha mezani kwake. Alikisoma akaifuta oda. Hakuuliza kwa nini sikusema.

Jumamosi, 23 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 28 Desemba

Mvua. Daftari lina makosa mawili: mhudumu aliyechelewa, na mwingine aliyevunja birika akalificha chini ya kabati.

Jumatano, 3 Januari 1973

Leo vibarua saba wa usafi na dobi wamepewa barua za ajira. Wengine wana miaka sita hapa na hawakuwahi kuwa na karatasi yenye majina yao. Nilizipiga chapa zote jana, mara mbili kila moja, ili pasiwe na kufutafuta. Mama mmoja asiyejua kusoma aliniomba nimsomee yake, nikamsomea, na sauti ikatoka vizuri tu. Labda ni kwa sababu maneno yalikuwa yameandikwa.

Ndugu Justus alisema hoteli ambayo wafanyakazi wake hawajui kama watakuwepo kesho haiwezi kumtunza mgeni wa leo. Anakula peke yake kila siku, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, na kitabu.

Jumatatu, 15 Januari

Idi. Baba amechinja mbuzi. Mama alimpelekea Ndugu Justus bakuli la pilau kupitia kwangu ingawa si Mwislamu. Alilipokea kwa mikono miwili akashindwa kusema neno. Nikamwelewa.

Alhamisi, 25 Januari

Mzee Shaban amefiwa na mama yake.

Simu ya maandishi ilifika saa mbili asubuhi. Nikolaus wa mapokezi aliisoma, akaja nayo jikoni ameishika mbali na mwili wake. Mzee Shaban aliisoma akaivua kofia yake nyeupe, akaiweka juu ya meza, akaketi juu ya gunia la viazi. Hakulia. Aliitazama mikono yake. Ndugu Justus yuko Mwanza kwenye mkutano tangu jana, na hapakuwa na mkubwa wa kusema tufanye nini. Tulikuwa na wageni kumi na mmoja waliotoka Kwihara, wanaotarajia chakula saa saba.

Ndipo akaingia Mzee Mahona na ndoo ya maji. Akaimwaga yote ndani ya jiko. Moshi ulijaa jikoni hadi darini. Akaichukua kofia ya Mzee Shaban akaivaa upande, akaishika sufuria kubwa ya wageni, ile inayobebwa na watu wawili, akaiweka kichwani peke yake.

"Leo hapaliwi!" akapiga kelele. "Mzaramo amempoteza mama yake! Amemwacha wapi? Mtu mzima, hawezi hata kumtunza mama mmoja! Sufuria nakwenda nayo, moto nimeuua, na hauwaki mpaka ukombolewe."

Mzee Shaban alimtazama. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na akalia kama mtoto hapo hapo kwenye gunia. Nadhani asingelia kama si hivyo. Mzee Mahona alisimama na sufuria kichwani akimngoja, naye machozi yanamtoka.

"Nani wa upande wa mfiwa?" akauliza. "Nani anakomboa?"

Wote wakatazamana. Mama Josepha ni Msukuma, Nikolaus kwao ni Choma, wote upande wa watani, hakuna aliyeweza kusimama upande wa Mzaramo. Mzee Shaban akaninyooshea kidole. "Binti yangu yupo."

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na karanga za kuchemsha tu, za chakula changu cha mchana, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Nilifungua fundo nikampa. Mzee Mahona alizihesabu moja moja mbele ya watu wote, akalalamika kwamba mbili zimeoza na kwamba Wazaramo ni wabahili hata kwa watoto wa kuazima, akazila. Kisha akatoa majivu yaliyolowa, akawasha moto upya kwa kuni zake kavu, akafunga aproni akapika mwenyewe. Wageni walikula saa nane. Mmoja aliomba kuongezewa.

Baada ya hapo aliibeba sufuria hadi kwa Mzee Shaban kupikia waombolezaji. Jioni tulimsindikiza Mzee Shaban stesheni. Atakaa Kisarawe mpaka arobaini.

Nimeandika katika daftari kabla ya kuondoka. Nilifikiri sana. Nimeandika: *Mahona. Saa mbili na nusu alizima moto wa jikoni. Alichukua sufuria kubwa na kofia ya mpishi, akatoka navyo. Chakula cha wageni kilichelewa saa moja. Shahidi: Mwanne Saidi.* Kila neno ni kweli. Utani sikuuandika kwa kuwa hiyo ni sababu, na tena nani Tabora hajui mtani hufanya nini msibani? Ni kama kuandika kwamba leo jua limechomoza. Karanga zangu nazo sikuziandika. Niliona haya.

Ijumaa, 26 Januari

Sufuria imerudi, imesuguliwa mpaka inang'aa. Kofia imefuliwa. Daftari halina safu ya vitu vilivyorudi.

Jumatatu, 29 Januari

Ndugu Justus amerudi. Alifungua daftari kabla ya kuvua koti la mvua. Alisoma mara mbili. Akaniita.

"Ndugu Mwanne, ulichoandika hapa ni kweli?"

"Ndiyo, Ndugu."

"Uliona kwa macho yako?"

"Ndiyo."

Nilikuwa na maneno mengine. Yalikuwa tayari, yamepangwa, la kwanza lilikuwa *lakini*. Simu ya mezani ikalia, akaipokea, nami nikabaki nimesimama mlangoni mpaka ikawa kama sikuwa na neno.

Jumanne, 30 Januari

Nimepiga chapa barua ya kumsimamisha kazi Mzee Mahona. Kuchukua mali ya umma na kuvuruga huduma kwa makusudi. Kwenye kanuni, makosa hayo mawili pamoja ni kufukuzwa, kamati ikiridhia.

Mama Josepha aliingia ofisini bila kubisha, mikono imejaa povu. "Ni mtani wake, Ndugu! Alikuwa anamzika mama wa mtu!"

"Utani ni wa nyumbani kwenu," Ndugu Justus akasema, hakupaza sauti. "Sufuria ni ya umma. Mama, nimekwisha kuona mahali pengine watu wakilindana mpaka mashuka yote ya hoteli yakaishia majumbani. Ninyi mnaniambia maneno ya mdomo. Hili limeandikwa, na aliyeandika hana rafiki wala adui hapa."

Mama Josepha alinitazama. Sitaki kueleza alivyonitazama. Mzee Mahona aliipokea barua, akaikunja, akaniuliza kama mama yangu hajambo.

Ijumaa, 2 Februari

Mvua. Boila amepewa Hilari, fundi wa mabomba. Ni mtu mzuri lakini hajui.

Jumatano, 7 Februari

Mvua. Banda la kuni lilivuja kwa kuwa hakuna aliyelifunika upande wa mashariki. Maji ni ya uvuguvugu. Jikoni hakuna anayezungumza nami. Mama Josepha sasa ananiita Ndugu Karani, na ningependa kuwa Bi Kimya tena.

Jumamosi, 10 Februari

Mnunuzi wa tumbaku alitoka chumba namba tisa na taulo, sabuni imekauka kifuani, akauliza kama hii ni hoteli au mto.

Jumatatu, 12 Februari

Ndugu Justus aliagiza lori la magogo. Limekwama matopeni kwenye barabara ya Usinge, siku ya tatu leo. Hilari, kwa kuogopa, akaenda na shoka nyuma ya uzio. Amekata mistari miwili ya mijohoro, ule wa mwaka jana na ule wa mwaka juzi, chini kabisa kwenye udongo, katikati ya masika. Kuni mbichi. Moshi umeingia vyumbani, mashuka ya kwenye kamba yakafuliwa upya. Mama Josepha hakutukana. Aliyaanua yote, nami nikaogopa zaidi.

Ndugu Justus alikwenda akasimama mbele ya visiki mvua inamnyeshea. Aliporudi aliniuliza, "Ilichukua muda gani kuikuza?"

"Miaka sita," nikasema.

Aliketi. Akafungua faili.

Jumamosi, 17 Februari

Kamati inakaa Alhamisi. Nimekwenda na Mama kwa Mzee Mahona. Anakaa nje kidogo ya mji, anapalilia karanga. Alitukaribisha vigoda, akaendelea kusafisha jembe lake kwa kijiti.

Nikamwomba radhi. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Hukuandika uongo, mwanangu," akasema. "Ungeandika uongo ningekukasirikia."

"Mbona hujitetei, Mzee? Andika barua. Nitakupigia chapa mimi."

"Nijitetee kwamba nilimlilia mama wa mtani wangu? Niende mbele ya meza, nivue kofia, niseme, jamani nilimfanyia mwenzangu wema, naomba msinifukuze?" Akacheka kidogo. "Nikisema hayo Shaban akirudi atanitania mpaka nife. Sisi hatujisemei. Husema mfiwa. Mfiwa akisema nimemkosea, nimemkosea. Akisema nimemtendea wema, yamekwisha."

"Mzee Shaban yuko Kisarawe," Mama akasema.

"Basi."

Tulirudi kwa miguu. Karibu na daraja nilisimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akapiga kengele. Mama akauliza nimeona nini. Nilikuwa nimekumbuka kidole cha Mzee Shaban, siku ile kiliponielekea mimi.

Jumatano, 21 Februari

Mvua imekatika mchana. Nimeandika maneno yangu ya kesho kwenye karatasi, mistari kumi na moja. Nimeyasoma mbele ya cherehani ya Baba wakati amekwenda kuswali.

Alhamisi, 22 Februari

Naandika yote kabla sijalala.

Kamati ilikaa saa nne katika chumba cha kulia: Mama Josepha kwenye kiti cha mwenyekiti, Nikolaus, na mhudumu mmoja wa mezani. Ndugu Justus aliketi upande wa pili na faili. Mzee Mahona aliketi karibu na mlango, amevaa shati jeupe. Wafanyakazi wengine walijazana jikoni, mlango uko wazi kiasi cha kupitisha sikio.

Niliitwa kusoma nilichoandika. Nikasoma. Mama Josepha akasema kwa ukavu, "Asante, Ndugu Karani. Kaa."

Sikukaa. Nilitoa karatasi yangu mfukoni, nikaikunjua, nikaikunja tena. Nikaiweka mezani.

"Nilichosoma ni kweli," nikasema, "lakini ni nusu."

Nikolaus akasema, "Sauti, mama. Hatukusikii."

"Ni nusu!" Nilishtuka mwenyewe. "Moto haukuzimwa tu. Ulizimwa ukakombolewa. Mzee Mahona aliuliza nani yuko upande wa mfiwa, na Mzee Shaban akanitaja mimi. Mimi ndiye niliyeukomboa. Nilitoa karanga zangu."

"Karanga?" akauliza Ndugu Justus.

"Za kuchemsha. Alizihesabu. Alisema mbili zimeoza."

Jikoni mtu mmoja akacheka akazibwa mdomo. Mimi sikucheka. Nikamwambia kwamba Mzee Mahona aliuwasha moto ule ule, akapika, wageni wakala na mmoja akaongezewa. Kwamba sufuria ilirudi kesho yake imesuguliwa na kofia imefuliwa, na sikuandika kwa kuwa daftari linauliza makosa tu, halina mahali pa kitu kilichorudi. Nikamwambia kwamba Mzee Shaban alikuwa ameketi pale kama jiwe, na hakulia mpaka Mzee Mahona alipombebea sufuria.

"Mfiwa hayupo," nikasema. "Lakini siku ile mimi nilisimama mahali pake mbele ya watu wote. Kwa hiyo nasema badala yake. Mzee Mahona hakutukosea. Alitutendea wema. Na kama kuzima ule moto ni kosa, basi aliyeshirikiana naye kuukomboa ni mimi, na jina langu liandikwe chini ya lake."

Hapo maneno yalikwisha, nikakaa.

Ndugu Justus alifunga faili. Kalamu yake aliiweka chini. "Uliniambia ni kweli," akasema.

"Ulikuwa umesema nisiandike sababu, Ndugu. Na mimi nilifikiri unaijua."

"Mimi ni mtu wa Bukoba. Nimesikia watu wakitaja utani, nikadhani ni kutukanana tu." Akamgeukia Mzee Mahona. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza, ningekuambia uulize wenye msiba," Mzee Mahona akasema. "Umewauliza leo."

Ndugu Justus akatazama meza, akauliza kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake, "Na mimi nikifiwa huku, nani atakuja kuzima moto wangu?"

"Wewe tafuta kwanza mtani," Mama Josepha akasema. "Makosa umekwisha kuyatafuta ya kutosha."

Nilidhani atakasirika. Akacheka. Sijawahi kumwona akicheka. Ana pengo upande wa kushoto. Kamati ikakataa kumfukuza Mzee Mahona, mikono mitatu juu. Ndugu Justus akasema hata yeye angeinua wake, ila hana kura. Akataka niandike barua ya kumrudisha kazini na siku zake zote zihesabiwe.

Kisha akalivuta daftari akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri: *Mwanne Saidi. Aliandika nusu ya jambo. Onyo.* Kwenye safu ya shahidi akaandika jina lake.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Ndiyo, Ndugu." Nilikuwa nimeridhika kweli.

Ijumaa, 23 Februari

Maji ya moto. Nimechora safu ya tano katika kila ukurasa uliobaki: Sababu, na kilichorudi. Ndugu Justus aliniambia niifanye pana. Mama Josepha alipita na kapu akasema, "Bi Kimya, jana ulipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga." Nikamjibu kwamba ndiyo maana mayai ni machache leo. Aliweka kapu chini ili acheke vizuri.

Jumanne, 27 Februari

Mzee Mahona amevifanyia kazi visiki vya mijohoro kwa siku tatu. Amevikata upya kwa mshazari ili maji yasikae juu yake, ameweka samadi, amezungushia miiba. Hilari yuko naye kutwa kwa agizo la meneja, ajifunze. "Shika shoka hivi," namsikia Mzee akisema. "Huo ni mti, si jirani yako." Lile lori la Usinge lilifika na magogo. Ndugu Justus aliyapeleka yote kwa fundi seremala, akasema hataagiza jingine.

Alhamisi, 8 Machi

Mzee Shaban amerudi na treni ya asubuhi. Kabla ya kuja jikoni alikwenda kwenye boila, akachukua kigoda cha Mzee Mahona akakikalia.

"Nasikia ulitaka kufukuzwa, ukaokolewa na mtoto," akasema. "Mnyamwezi mzima!"

"Mtoto wako mwenyewe. Alinikomboa kwa karanga mbovu."

Walishikana mikono muda mrefu. Mimi aliniletea korosho za Kisarawe, mfuko mzima. "Deni la moto," akaniambia.

Jumapili, 18 Machi

Mvua kidogo.

Jumatatu, 2 Aprili

Masika inaisha. Visiki ni thelathini na nne. Ishirini na sita vimechipua. Mzee Mahona anasema vilivyobaki atapanda upya, na Hilari ndiye atakayechimba mashimo.

Asubuhi Ndugu Justus alifika ofisini akakuta kiti chake hakipo. Tulikitafuta mapokezi na chumba cha kulia. Tulipofungua dirisha tulikiona kando ya boila, Mzee Mahona amekikalia, miguu ameinyoosha, anasoma gazeti la meneja alilolipindua juu chini.

"Hakirudi mpaka kikombolewe!" akapaza sauti bila kuinua macho.

Ndugu Justus alisimama dirishani. Masikio yalimgeuka rangi. Akanigeukia taratibu.

"Hili linaandikwa?"

"Linaandikwa, Ndugu," nikasema. "Safu ya tano."

"Na sababu?"

"Mzee Mahona ameona huna mtani."

Alitazama tena nje. Kisha akaukunjua mkono wake mbele yangu, kiganja juu, kama mtoto anayeomba.

"Ulikuja na karanga leo?"

Nilifungua fundo la kanga nikampa nusu.